Dada Yangu na Swichi Iliyozimia

Dada yangu ni fundi wa mtandao wa ofisi, kazi aliyoianza kwa kutambaa juu ya dari akivuta nyaya. Wiki ile mtandao ulikuwa unakatika kila alasiri, na mhandisi mwenye vyeti vitatu akasema kosa ni la nyaya zake. Mkurugenzi akampa dada hadi Ijumaa. Asipopata dawa, afungashe virago.

Dada akaketi mbele ya swichi, ile mashine inayounganisha kompyuta zote, akaichunguza. Swichi ina adabu zake: kila kifaa kikichomekwa hujitambulisha, nayo huliandika jina lake. Aliyeitengeneza alisahau kuifundisha kukataa jina refu mno. Kifaa kimoja kilikuwa kinaitumia jina lisilo na mwisho, nayo inaandika tu, mpaka inazimia pamoja na mtandao wa ofisi nzima.

Ijumaa wakamwita mbele ya watu.

"Haya mama, mchawi nani?" mkurugenzi akauliza.

"Kisanduku cha runinga, bosi. Kile cha ofisini kwako."

Mhandisi akaanza kukagua viatu vyake.

"Kile ni cha kuangalia taarifa ya habari," mkurugenzi akasema.

"Ndiyo, bosi. Habari yenyewe huanza saa kumi, refa akipuliza filimbi."

Dada akaizuia swichi isipokee utambulisho wowote kutoka ofisini kwa mkurugenzi. Mtandao ukatulia, na kazi yake akabaki nayo. Mkurugenzi aliomba jambo moja tu: ripoti iseme ni umeme.