Flashi Niliyoiacha Ijiwashe

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya Agosti ambayo naikumbuka kuliko hata siku yangu ya harusi, na ningefurahi kama ingekuwa kinyume. Juzi uliniuliza kwa nini picha za simu yako zinatoka na ukungu, na kwa nini nyuso za watu weusi kama sisi zinatoka kama makaa, au kama zimepakwa unga. Ningeweza kukujibu kwa dakika mbili: fungua pale palipoandikwa Pro, uanze kuamua mwenyewe. Lakini jibu hilo mimi pia nilipewa, nikalisikiliza huku nikicheka, na aliyeumia si mimi. Kwa hiyo keti. Mahali nisipokuwa na hakika nitakuambia sina hakika.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Najua kwako huo ni uzee, lakini mimi nilijiona kijana, na ujinga wangu ulikuwa wa kijana kabisa. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kibomet, na kazi yangu ilikuwa kwa Mzee Gurdev, Kalasinga mwenye studio ya picha mjini Kitale. Alizaliwa hapo hapo Kitale. Baba yake ndiye aliyepiga picha za wazee wetu kwa ile kamera ya miguu mitatu. Mimi nilifika darasa la saba tu, na yote ninayojua kuhusu mwanga nilifundishwa na yeye.

Mwaka ule nikanunua simu yangu ya kwanza yenye kamera ya maana. Nikampelekea aione, nikitegemea sifa. Mzee akavaa miwani, akaigeuza geuza, kisha akaingia ndani ya kamera mahali ambapo mimi sikuwahi kuingia.

"Hapa ndipo wewe unakuwa mpiga picha," akasema. "Huku kwingine simu ndiyo inapiga. Wewe ni mti wa kuishikilia."

Akanionyesha ISO, wepesi wa kamera kunasa mwanga: namba ndogo mchana, namba kubwa mahali penye giza, lakini ukiizidisha picha inajaa chembechembe kama uji wa wimbi uliosagwa vibaya. Akanionyesha kasi ya shata, ule mlango wa kuingizia mwanga, kwamba ukiiweka polepole mwanga unaingia mwingi, lakini mtu akitikisika kidogo tu anatoka kama moshi. Mwisho akagusa alama ya radi pale juu, ya flashi.

"Na hii zima. Ukiiacha kwa auto, itawaka ikitaka. Haitakuuliza."

"Mzee, si simu za siku hizi ziko na akili," nikamwambia.

"Ziko na akili, bana. Lakini haziko na adabu."

Nikacheka sana. Nikawahadithia hata rafiki zangu pale Kibomet kama kichekesho cha mzee asiyetaka kuacha mambo ya zamani. Flashi sikuizima.

Sasa, wewe umezaliwa mjini, huenda hujui mambo ya jando kwetu Bungoma. Kijana hutahiriwa alfajiri, mwezi wa nane, akitoka mtoni amepakwa tope baridi mwili mzima, watu wakimwimbia njia yote. Akifika uani kwao anasimama, anainua uso, anafungua macho. Hapo hapepesi. Hatikisiki. Wazee wanamtazama macho tu, kwa sababu macho ndiyo yatakayosimuliwa. Na mama yake haruhusiwi kutazama. Anakaa ndani ya nyumba mpaka iishe, na anajua habari kwa kusikiliza kelele za nje.

Dada yangu Nasimiyu ameolewa kwa Barasa, karibu na Chwele, na mwaka huo ilikuwa zamu ya mwanawe wa kwanza, Wafula. Mimi ndiye mjomba. Siku moja kabla, kijana huja kwa wajomba zake, achinjiwe ng'ombe, avikwe kipande cha nyama shingoni, na apewe maneno makali ya kumkomaza. Nikapanda gari kutoka Kitale hadi nyumbani kwetu kumngojea, na simu yangu mfukoni. Maneno makali nilikuwa nayo tele.

"Wee Wafula! Mbona hayo macho yako naona yanacheza cheza? Kama unaogopa, rudi kwenu ukaoshe vyombo!"

"Siogopi, mjomba!"

"Ati huogopi? Hebu nitazame."

Akanitazama. Nikampigia makofi mbele ya pua. Hakupepesa hata ukope. Watu wakashangilia, na shangazi zangu wakapiga vigelegele. Nasema hili kwa haki yake, mwanangu, maana baadaye hakuna aliyelisema: nilimjaribu kwa mikono yangu mwenyewe, na hakupepesa.

Jioni ile, tulipokwisha kumsindikiza kijana hadi kwa Barasa, dada yangu akanivuta kando.

"Ndugu yangu, kesho mimi nitakuwa nimefungiwa ndani. Nipigie uso wake tu. Nataka kuona vile alisimama."

"Hiyo ni kazi ndogo," nikamwambia. "Hii simu inapiga hata gizani."

Sikuijaribu. Ningeweza kuamka mapema kesho yake, nikasimama uani kwa Barasa katika mwanga ule ule wa alfajiri, nikapiga picha ya mti au ya mbwa, nikaona simu inataka kufanya nini. Mzee Gurdev hakupiga picha ya harusi hata moja bila kwenda kanisani siku iliyotangulia kupima madirisha. Mimi nililala mpaka nikasikia nyimbo zikikaribia kutoka mtoni.

Nilipewa nafasi ya mbele kabisa, kwa kuwa ni mjomba na tena ni mtu wa picha. Kulikuwa na mwanga kidogo tu upande wa mashariki. Wafula akaja, amekuwa wa kijivu kwa tope kutoka utosini hadi miguuni, akasimama pale baba yake alipomwonyesha. Akainua uso. Macho wazi, makubwa, yametulia. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nikainua simu, nikagusa uso wake kwenye kioo kama nilivyozoea, nikabonyeza.

Simu za namna ile humulika mara mbili: kwanza kujipimia, halafu kupiga. Ule mwanga wa kwanza ulimpata machoni kama umeme. Akafumba macho, kichwa kikarudi nyuma. Mwanga wa pili ukampata hivyo hivyo.

Wimbo ukakatika. Ngariba akamaliza kazi yake, lakini hakuna aliyeshangilia. Nyumba aliyokuwemo dada yangu ilikuwa imenyamaza, na najua alikuwa anangojea kelele za furaha ambazo hazikuja.

"Ameshtuka," mtu mmoja akasema nyuma yangu.

"Ni ile taa imemshtua," akasema mzee wa ukoo wa Barasa, mtu wa haki. Akageuka, akatutazama sote tuliokuwa mbele. "Nani amewasha taa? Aseme."

Tulikuwa watu kama kumi wenye simu. Mwanangu, ilikuwa neno moja tu. Kama ningesema "mimi", wazee wangenifokea, ningeitwa mjinga, ningeomba radhi, na jina la mtoto lingesafishwa pale pale mbele ya kila aliyemwona. Nilishusha mkono, nikatia simu mfukoni, nikatazama chini kama wengine.

Mzee akangoja. Kisha akasema polepole, "Kama taa haina mwenyewe, basi ni woga."

Barasa akatoka uani bila kumvika mwanawe blanketi alilomnunulia. Kabla ya saa nne vijana walikuwa wamekwisha kumtungia wimbo.

Sitaki kujibebesha zaidi ya haki yangu. Huenda angepepesa hata bila flashi, kwa sababu baridi ilikuwa kali, na mtu mmoja aliniambia baadaye kwamba aliona bega la kijana likitetemeka kabla. Siwezi kuapa. Nilichonacho ni picha. Imetoka safi, kila chembe ya tope inaonekana, ukope unaonekana, na katikati ya paji la uso kuna weupe wa flashi yangu. Macho yamefumba. Dada yangu alipotoka nje aliniuliza, "Iko wapi?" Nikamwambia haikutoka.

Jumatatu nikarudi kazini Kitale. Nadhani nilimwonyesha Mzee Gurdev ile picha ili anifariji. Au labda nilitaka tu mtu mmoja ajue. Mpaka leo sijui. Nikamweleza yote. Akaikuza ile picha kwa vidole.

"Hii flashi nani aliiambia iwake?"

"Ilijiwasha yenyewe, mzee."

"Nilikuonyesha mahali pa kuizima?"

"Ulinionyesha."

"Basi haikujiwasha."

Akavua miwani. Akanirudishia simu.

"Mimi nimeharibu picha nyingi," akasema. "Bibi harusi mmoja nilimkata kichwa. Nilienda kwao nikasema, ni mimi. Walinitukana, bana, mpaka nikasahau jina langu. Wewe umewaambia?"

"Bado."

"Kwa nini uko hapa, sasa?"

Hata hivyo sikuondoka siku ile. Nilikuwa na sababu: kazi, nauli, mvua. Katika daftari langu la kumbukumbu nimeandika sababu hizo zote kwa mwandiko mzuri, na nikizisoma naona aibu. Nilikwenda Jumapili ya pili. Barasa alinisikiliza amesimama, hakunipa kiti.

"Siku ile ulikuwa huna mdomo?" akaniuliza.

"Nilikuwa nao, shemeji."

"Sasa unataka niwaite wale watu wote tena? Niwapange uani, niwaambie mjomba amekumbuka?"

Nikamwomba anisindikize tu kwa yule mzee wa ukoo wao. Tukamwendea pamoja, mzee akakubali, akalitangaza jambo hilo katika kikao chao. Lakini wimbo ulikwisha kufika sokoni Chwele, na waliousikia wimbo hawakusikia kikao.

Wafula nilimkuta anapona, amekaa na wenzake. Wenzake wakatoka. Nikamwambia: ilikuwa simu yangu.

"Nilijua," akasema. "Mwanga ulitoka upande wako. Mzee alipouliza, nilikuwa nakungojea wewe useme."

Hakulia wala hakunitukana. Ningeshukuru angenitukana. Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi Webuye, ana watoto. Tukikutana kwenye mazishi ananisalimia kwa mkono, vizuri tu. Mtu yeyote akiinua simu anageuza uso. Sijaona picha yake nyingine hata moja. Dada yangu bado anaamini ile haikutoka, na mimi hutafuta maneno kila nikienda kwake, kisha narudi nayo bila kuyasema. Unaona basi kwamba anayekushauri hapa hajamaliza kujirekebisha.

Lakini chukua yaliyo mema. Kabla ya yote, futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Ingia kwenye Pro. Zima flashi kwa mkono wako, na uhakikishe imezimwa, na sauti ya kubonyeza uizime pia penye watu walio katika jambo zito. Alfajiri kama ile, weka ISO kwenye mia nane, na kasi ya shata kwenye moja ya sitini ya sekunde. Mtu akiwa ametulia kabisa unaweza kushuka hadi moja ya thelathini, lakini usipite hapo bila kuegemea kitu. Bana viwiko kwenye mbavu, toa pumzi, ndipo ubonyeze. Mtu mweusi akiwa amesimama mbele ya anga jeupe, pima mwanga wa uso wake, na anga liache liungue, liwe jeupe tupu. Hatukuja kupiga anga. Picha ikitoka nyeusi kidogo iache hivyo, utaiangaza baadaye. Macho yaliyofumba huwezi kuyafumbua baadaye. Na nenda mapema, ujaribu mahali pale pale, saa ile ile.

Hizo ndizo settings, na utazijua kwa wiki moja. Lililobaki ni gumu zaidi, na mimi lilinishinda: chombo ulichokishika wewe kikimwumiza mtu, usiseme kimejiendesha. Na ukiulizwa nani, sema mimi, wakati ule ule, mbele ya watu wale wale. Ukweli wa wiki mbili baadaye nilikwenda nao hadi Chwele, na haukumtosha yeyote.

Haya, simama, umekaa sana. Mungu akuweke wewe na macho yako. Kila utakayemwelekezea kamera abaki na heshima aliyokuja nayo, na siku utakayokosea, maana utakosea, Mungu akupe sauti kabla watu hawajatawanyika. Nenda salama, mwanangu.