Kanisa Tulilolichora kwa Majivu

Chuoni nilichora hoteli ya ufuoni Mombasa kabla sijaiona bahari. Niliweka roshani ndefu zikitazama maji, nikaandika kando kwamba wageni watakaa hapo jioni kufurahia machweo. Mwalimu wetu wa usanifu majengo aliinama juu ya karatasi yangu kwa muda, kisha akasema, "Bwana, Mombasa jua huchomoza baharini. Wageni wako watangoja machweo hapa mpaka wafukuzwe." Darasa zima lilicheka, nami nikacheka pia. Kwetu Nuu jua hutua nyuma ya vilima, na nilidhani pwani hutua majini.

Namshukuru Mungu kwa mwalimu yule. Mwaka wa tatu alitupa kazi ya kuchora ukumbi wa mihadhara, lakini kabla hatujagusa penseli alitupeleka kwenye uwanja wa mpira. Mmoja wetu alisimama katikati akisoma gazeti kwa sauti ya kawaida. Sisi wengine tulimzunguka, tukarudi nyuma polepole, na kila mtu alipoacha kuyasikia maneno aliweka jiwe. Tulipomaliza tuliyatazama mawe. Mbele ya msomaji yalikuwa mbali kiasi, ubavuni yalikuwa mbali karibu vilevile, na nyuma yake yalikuwa karibu mno. Umbo lake lilikuwa kama ungo uliokatwa ukingo mmoja. "Hii ndiyo nyumba ya sauti," mwalimu akasema. "Sasa nendeni mkaijenge." Ukumbi niliouchora baada ya hapo ulikuwa mpana na mfupi. Ndiyo kazi yangu ya kwanza iliyobandikwa ukutani ili wengine waione.

Nilipohitimu, katika miaka ile ya sabini, nilipata kazi katika ofisi ya ujenzi mjini Kitui. Sikuwa nimekaa sana kabla ya wazee wa kanisa letu la Nuu kuniita. Ndio waliouza mbuzi zao nikaenda chuo, kwa hiyo sikuuliza wananiitia nini. Kanisa la zamani lilikuwa limejaa, watu walisikiliza ibada wakiwa madirishani, na sasa walitaka jipya. Mimi ndiye wa kulichora.

Mchungaji alinipeleka kuona kiwanja. Ndiye aliyenibatiza. Zamani alipohubiri sokoni, wauza mbuzi walisimamisha biashara, si kwa kupenda, ila kwa sababu hawakuweza kusikilizana bei. Lakini siku ile alizungumza nami kwa sauti iliyochakaa, kama ya mtu aliyemeza vumbi.

"Daktari wa Kitui amesema koo halitarudi," aliniambia. "Nikilazimisha, nitapoteza hata hii iliyobaki. Wewe chora kanisa lenu. Likiisha, nitamkabidhi kijana mwenye kifua cha kupaza sauti."

"Baba, bado una mahubiri."

"Ninayo mengi. Hayana gari la kuyapeleka."

Nilimwambia habari za mawe ya uwanjani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniwekea sharti. "Usiwaambie kamati kwamba ni kwa ajili yangu. Kanisa si koti, lishonwe kwa kipimo cha mtu mmoja."

Basi nilichora kanisa pana. Mimbari iliwekwa katikati ya ukuta mrefu, na viti viliizunguka kwa pande tatu, hata aliyekaa safu ya mwisho asiwe mbali. Nikaipeleka michoro kwa kamati, na pale nikakutana na mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Ndiye aliyenifundisha a-e-i-o-u, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata mkewe. Aliigeuza michoro yangu juu chini, akaigeuza tena.

"Injinia," alisema, maana neno la msanifu lilikuwa halijafika Nuu, "tulikuchangia ukasome majumba, umetuletea boma la ng'ombe?"

Kamati ikacheka. Nikamweleza kwamba watu wangemsikia mhubiri vizuri zaidi.

"Kanisa ni refu," alisema. "Unaingia mlangoni, unaona mimbari kule mbali, unapata heshima. Lililo pana ni godauni la pojo. Na kusikia? Mimi nimefundisha watoto mia uwanjani bila kipaza sauti. Anayetaka kusikia atasikia."

Nilitaka kusema habari za koo la mchungaji. Alikuwa ameketi pembeni, mikono juu ya Biblia, akinitazama. Nikakumbuka sharti lake. Nikamwomba Mungu anipe neno jingine, na nikapewa. Niliwaomba kamati Jumapili moja tu. Tungechora makanisa yote mawili kiwanjani kwa ukubwa wake halisi, refu na pana, kisha tusali ndani ya kila moja. Kamati ingeamua baada ya hapo, na kama wangechagua refu, ningewachorea refu bila kinyongo.

"Tuchore kwa nini?"

"Kwa majivu."

Mwalimu akapiga meza kwa furaha. "Sawa! Tusali majivuni kama watu wa Ninawi. Labda utatubu."

Jumamosi akina mama wa mwethya, kile kikundi chetu cha kusaidiana kazi, walileta majivu ya mekoni mwao kwa karai na ndoo. Nilipima kwa kamba, wao wakamwaga. Kiongozi wao alikuwa mama mcheshi ambaye hangeweza kufanya kazi akiwa kimya. Aliruka mstari mmoja wa majivu, wenzake wakamkemea kwamba amepita ukutani. Akarudi, akabisha hodi hewani, akaingia kwa mlango. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kuvuka mstari. Watoto walichapwa kwa kupita ukutani.

Usiku ule niliomba kuliko nilivyowahi kuomba kwa ajili ya mtihani wowote. Nilijua tukimsimamisha mchungaji ndani ya kanisa refu atashindwa mbele ya watu wake wote, na hilo litakuwa kosa langu. Asubuhi, kabla upepo haujaamka, nilimwendea Mwalimu.

"Mwalimu, wewe ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Tafadhali soma neno katika lile refu. Mchungaji atahubiri katika lile pana."

Alivuta koti lake likakaa vizuri. "Umeanza kupata akili," alisema.

Watu walijaa ndani ya mistari ya lile refu, waliochelewa wakakaa nyuma kabisa. Mwalimu alisoma habari za Nehemia na ukuta, akasoma kwa nguvu, mishipa ya shingo ikasimama. Mbele walitikisa vichwa kwa kukubali. Alipomaliza, nilimwomba yule mama kiongozi awaulize walioketi safu ya mwisho wamesikia nini. Alienda kwa nyanya mmoja, susu kama tunavyosema, aliyekuwa ameketi juu ya mkeka.

"Susu, Mwalimu amesoma nini?"

"Amefungua kinywa na kukifunga," susu akajibu. "Nimeona vizuri sana. Meno yake bado mazima."

Kicheko kilianzia nyuma, na kilipofika mbele, Mwalimu akawa anauliza, "Wamesema nini? Wamesema nini huko?" Ndipo watu wakacheka zaidi, maana hata yeye hakuweza kuwasikia wa nyuma.

Tukahamia lile pana. Idadi ileile ya watu, mikeka ileile. Niliwaomba wa nyuma wakae nyuma tena. Mchungaji alisimama kwenye mstari mrefu wa majivu, watu wamemzunguka kama familia kwenye moto. Alianza kwa sauti ileile iliyochakaa. Alihubiri juu ya mjane na chupa yake ya mafuta, mjane aliyeambiwa aazime vyombo vitupu kwa majirani, na ile chupa ikavijaza vyote. Hakuinua sauti. Alizungumza tu, kama mtu anayezungumza na mgeni sebuleni, na nikaona watu wakimwegemea.

Katikati ya mahubiri akauliza, "Na huyu mjane, vyombo viliisha au mafuta ndiyo yaliyoisha?"

"Vyombo!" susu akajibu kutoka mkekani, kabla ya mtu mwingine yeyote. "Mafuta ya Bwana hayaishi!"

Mchungaji alimtazama susu kule mwisho, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani nikamwona akicheka.

Mwalimu hakungoja kikao cha kamati. Alisimama palepale, akajipangusa majivu kwenye viatu. "Mimi nimefundisha kwa fimbo, ndiyo maana walinisikia," alisema. "Injinia, jenga godauni lako."

Tulijenga kwa matofali tuliyoyachoma wenyewe. Upana ule ulihitaji kenchi ndefu za kubeba paa, nazo nilizichora kwa mbao fupi zilizofungwa kwa bolti, maana mbao ndefu hazikupatikana. Mafundi waliziunganisha chini, na mwethya wote, wanaume na wanawake, walizivuta juu kwa kamba, mmoja akiimba na wengine wakiitikia. Kenchi ya kwanza ilipokaa ukutani na kutulia, nilikaa chini mchangani nikaitazama. Mwalimu alikuwa ameshika kamba pamoja na vijana. Alijiumiza kiganja, akatembea nacho soko zima akikionyesha.

Baadaye nimechora shule na zahanati nyingi, na makanisa kadhaa Makueni, ambako wajumbe walikuja wakisema, "Tunataka lile la kukaa karibu." Bwana amekuwa mwema kwangu. Lakini hakuna jambo lililonifurahisha kama ile ibada ya ufunguzi kule Nuu. Watu walikuwa wengi hata mlangoni. Mchungaji alihubiri kwa muda mrefu sana, na yule kijana mwenye kifua, aliyechaguliwa kumrithi, aliketi safu ya pili akiandika.

Baada ya ibada tulikunywa chai chini ya ukuta mpya. Niliogopa kumuuliza lini angemkabidhi yule kijana, lakini alinitangulia. Aligusa koo lake kwa vidole viwili, taratibu.

"Mwanangu," alisema, "leo sikupiga kelele hata kidogo. Jumapili ijayo nitaendelea na sura inayofuata."