Mama Alikataa Kumtoa Mbwa Wetu

Mwaka ule, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, kichaa cha mbwa kiliingia upande wetu wa Wamunyu mwezi wa Novemba. Mtoto mmoja wa lokesheni jirani aliumwa na mbwa akichunga mbuzi. Kidonda kilikuwa kidogo, wakakifunga kitambaa wakamrudisha malishoni. Alikufa kabla mvua haijaisha. Mtoto sikumjua, lakini mama yake nilimjua kwa sura, alikuwa akiuza ndizi sokoni, na tangu siku hiyo sikumwona tena pale alipokuwa akiketi. Naanza na hili kwa sababu sitaki mtu afikiri kwamba watu wa kwetu walikuwa wakatili tu. Waliogopa, na walikuwa na sababu.

Naibu wa chifu akaita baraza. Alisema Krismasi imekaribia, watu watakuja kutoka Nairobi na Mombasa na watoto wasiojua mbwa wa kijijini, na yeye hayuko tayari kuhudhuria mazishi mengine. Kwa hivyo mbwa wote waondolewe. Vijana wenye pinde wangezunguka, na nyama yenye sumu ingetegwa kando ya mto. Hakuuliza maoni ya mtu. Wanaume waliokaa mbele wakaitikia, na ikaonekana mambo yameisha.

Mama akasimama. Baba alikuwa ameshafariki, na kwetu mjane alikwenda barazani kusikiliza, akaketi nyuma na wanawake wenzake. Yeye alisimama akauliza swali moja tu.

"Na aliyechanjwa?"

Naibu akasema mbwa wa chanjo ni wa Nairobi, wale wanaokaa nyuma ya mageti. Watu wakacheka. Mama hakuketi. Aliwangoja wamalize kucheka, kisha akasema ametangaziwa kanisani kwamba watu wa mifugo watakuja Wamunyu siku ya soko na dawa ya chanjo. Wa kwake atachanjwa na atafungwa kamba. Baada ya hapo, atakayeingia bomani kwake na upinde atakuwa ameingia kama mwizi, na njia ya kwenda kwa D.O., mkuu wa tarafa, anaijua. Ndipo akaketi, akanyoosha leso yake magotini kana kwamba hakusema lolote.

Mbwa mwenyewe alikuwa jike la rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Baba alimleta angali mdogo, ndani ya kiondo, na baba alipougua jike hilo lilikuwa likilala mlangoni pake. Baada ya mazishi likahamia kwenye zizi la mbuzi bila kuambiwa. Kiangazi kimoja mwizi aliruka ua, na mbwa akamng'ang'ania suruali mpaka mama akatoka na panga. Mwizi alikimbia, kipande cha suruali kikabaki. Mbuzi wale ndio walionisomesha. Mama alikuwa akisema kwamba mtu akikulindia mlango humlipi kwa mshale, na aliposema "mtu" alikuwa na maana ya mbwa.

Siku ya soko tukamfunga kamba ya mkonge tukaenda naye Wamunyu kwa miguu, yeye, mama na mimi. Nilikuwa msichana wa sekondari, nimefunga shule, na aibu niliyoisikia siku ile sijaisahau. Mbwa hakuwahi kufungwa. Mara alikaa chini akakataa, mara alituvuta vichakani. Wachongaji waliokuwa wakipiga msasa twiga wao wa mbao kando ya barabara waliacha kazi kututazama. Mmoja akauliza kama mgonjwa atalazwa au atarudi leo leo. Mama akamjibu kwamba atarudi leo, na akipita tena amwekee kiti.

Pale kwenye chanjo kulikuwa na punda, ng'ombe wawili na mbuzi wengi. Mbwa alikuwa wetu peke yake. Daktari wa mifugo, mwanamume mwenye miwani, alifurahi kumwona kuliko nilivyotarajia. Alimdunga, kisha akatueleza mambo taratibu: chanjo huchukua muda kushika, kwa hivyo akae amefungwa, awe kivulini na maji safi yasimwishie. Asiokote nyama yoyote njiani. Mifupa iliyopikwa asipewe kabisa, maana huvunjika vipande vikali, na Krismasi ndipo mbwa wengi huumizwa na mifupa na mafuta ya karamu. Na akiuma mtu, hata kama amechanjwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kioshwe sana, halafu mtu aende hospitali siku hiyo au kesho yake. Njiani mama alinifanya niyarudie maneno hayo mpaka nikayajua kama sala.

Tulimfunga nyuma ya jikoni, penye kivuli. Zile wiki vijana walipita vijijini wakifanya kazi yao, na mbwa wa majirani wakaisha mmoja mmoja. Wengine walitolewa na wenyewe. Walipofika kwetu mama alisimama mlangoni mwa boma mikono kiunoni, wakatazama kamba, wakatazama mama, wakaenda zao.

Mkesha wa Krismasi mchana akafika baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, na familia yake ndani ya gari. Alikuwa mtu wa Nairobi, mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa, na tangu baba afe alikuwa na tabia ya kutembea bomani kwetu akigusa vitu, mlango huu, nguzo ile, kama anayekagua. Alipomwona mbwa akauliza kwa nini yuko hai. Alikuwa amesikia habari za kichaa redioni. Jamaa za mkewe walikuwa wanakuja kesho, na hakutaka waseme kwamba kwa ndugu yake watu wanaishi na ugonjwa. Akamwambia mama aite kijana mmoja amalize jambo hilo kabla ya jua kutua.

Mama alikuwa anakanda unga wa chapati. Hakuacha kukanda.

"Shemeji," akasema, "boma hili ni la ndugu yako, na mbwa ni wa ndugu yako. Aliniachia vyote nivilinde. Ukitaka nitoe kimoja, basi vyote viondoke, na mimi pia."

Baba mkubwa akasema wanawake wa siku hizi wana maneno mengi, akaenda kukaa garini kusikiliza redio.

Asubuhi ya Krismasi mbuzi alichinjwa. Kabla ya chakula mama alitoa tangazo mbele ya wageni wote: mifupa yote iwekwe kwenye karai lile, asitupiwe mbwa, na mtoto asiende nyuma ya jikoni. Wengine walitabasamu. Mimi nilimpa mbwa ugali na maziwa yake mapema, nikamjazia maji, na kila baada ya muda nikaenda kumtazama.

Katika moja ya safari hizo nilimkuta baba mkubwa amesimama mbele yake na sahani mkononi, akimrushia mbavu za mbuzi. Nikamwambia kwa heshima kwamba mama amekataza. Akacheka, akasema hata mbwa ana Krismasi yake, kwani hapa ni hospitali? Alirusha na ule wa mwisho. Wakati huohuo binamu zangu, ng'ambo ya ukuta, walikuwa na mchezo wao wa kujaza vichwa vya kiberiti ndani ya spoku ya baiskeli na kuigonga kwenye jiwe ilie kama bunduki. Ikalia. Mbwa akaruka juu, kamba ikakatika kwenye fundo, akapenya ua na mfupa ungali mdomoni.

Nilikimbia kumwambia mama. Alikuwa akipakua pilau, wageni wamejipanga na sahani. Aliuacha mwiko umesimama ndani ya sufuria, akapangusa mikono. Mke wa baba mkubwa akamkumbusha kwamba wageni bado hawajala. Mama akasema wageni wana mikono. Akatoka na gauni lake la Krismasi, jeupe lenye maua, na mimi nyuma yake. Siku zile mwanamke kuwaacha wakwe wamesimama na sahani tupu ilikuwa habari ya kuzungumzwa mwaka mzima, na kwa kweli ilizungumzwa.

Tulizifuata nyayo mpaka kwenye mto wa mchanga, ule unaopita maji mvua ikinyesha tu. Upande ule ndiko nyama ya sumu ilikotegwa. Tulimkuta chini ya mgunga, na hatukuwa wa kwanza kumkuta. Vijana watatu walikuwa pale, mmoja ameshaweka mshale kwenye upinde. Nilipomwona mbwa wetu moyo wangu ulikufa. Mate yalikuwa yakimtiririka hadi kifuani, alikuwa akitikisa kichwa na kujikwaruza mdomo kwa miguu ya mbele. Alikuwa vile vile walivyotueleza barazani kwamba mbwa mwenye kichaa huwa.

"Mama, rudi nyuma," kijana mwenye upinde akasema. "Huyo tayari amepagawa."

Mama akaenda akasimama katikati, mgongo kwa mbwa na uso kwa mshale. Akamwambia yule kijana kwamba alimfundisha Sunday school, na mama yake alipojifungua mdogo wake, ni yeye aliyembeba kijana huyo mgongoni wiki nzima.

"Shusha huo upinde," akasema. "Kama ni kichaa, mimi ndiye nitakayeumwa, si wewe."

Upinde haukushuka, lakini mshale haukuruka. Mama akageuka, akachuchumaa, akamwita mbwa kwa Kikamba kwa sauti ndogo, ile aliyokuwa akiitumia kwetu tukiwa na homa. Mbwa akaja akijikokota kwa tumbo. Mama akaniomba leso yangu, akajizungushia mkononi, akaniambia nishike kichwa, nikishike kwelikweli. Nilimwambia, mwaitu, mama yangu, mimi naogopa. Akasema hata yeye anaogopa, nishike tu.

Nikashika. Akafungua mdomo, akaingiza mkono. Ubavu wa mbuzi ulikuwa umekwama juu, umelala kutoka jino hadi jino, ncha yake kali imezama kwenye fizi. Alivuta mara ya kwanza ukakataa. Ya pili mbwa akalia, akabana meno, na nikaona damu ikilowesha leso. Mama hakutoa mkono. Alivuta tena, mfupa ukatoka, na mbwa akaangusha kichwa mapajani pake akapumua.

Mama akawainulia wale vijana ule mfupa.

"Kichaa chake ni hiki hapa."

Yule wa upinde akautazama mfupa, akarudisha mshale kwenye podo lake. Kisha akatangulia mbele yetu kutuonyesha mahali nyama ilipotegwa, tupite mbali nayo. Tulimbeba mbwa kwa zamu, mama kwa mkono mmoja mzima.

Bomani mama hakumsalimu mtu. Aliketi kwenye kigoda uani, mbele ya wageni, nikammiminia maji ya mtungi huku akijisugua mkono kwa kipande cha sabuni ya kufulia, tena na tena, mpaka maji yakaisha nikaenda kuleta mengine. Alipomaliza aliingia ndani, akaenda moja kwa moja mezani kwa baba mkubwa, akauweka ule mfupa kando ya sahani yake.

"Shemeji, ulisahau mfupa wako."

Baba mkubwa aliangalia mfupa, akaangalia mkono wa mama uliofungwa kitambaa, akaisukuma sahani yake kando. Kesho yake alfajiri alimpeleka mama Machakos hospitalini kwa gari lake kudungwa sindano. Nilikuwa kiti cha nyuma. Tulipokaribia mjini alimwuliza kama mkono unauma. Mama akasema unauma.

Majirani wengine walimcheka wakisema kumbe naye hamwamini mbwa wake. Aliwajibu kwamba mbwa anamwamini, na sindano atadungwa zote. Alizirudia Machakos mpaka zikaisha, na hakukosa hata moja. Wiki zile watu walipita uani kwetu kwa visingizio, kuomba moto, kuomba chumvi, macho yao nyuma ya jikoni. Nami kila asubuhi nilimpelekea mbwa maji nikasimama kutazama kama atakunywa, maana watu walisema mbwa mwenye kichaa huyakataa maji. Alikunywa. Mkono wa mama ulibaki na makovu mawili, na mbwa akaishi miaka mingi baadaye, akazeeka, akawa mkorofi.

Nimewahi kuisimulia hadithi hii mjini, na kuna mtu huwa haachi kusema, lakini alikuwa mbwa tu. Simjibu tena. Nilikuwa pale, nilishika kichwa, na najua mama hakuwa amechanganyikiwa wala hakuwa na mapenzi ya kizungu. Alikataa kuambiwa kwamba kilicho chake ni cha kutupwa kwa sababu mtu mwenye sauti amesema.

Krismasi iliyofuata baba mkubwa alikuja tena na wageni zaidi. Mama aliwangojea mlangoni mwa boma na kabla hawajashusha mizigo akawasomea amri zake: mifupa karaini, spoku za baiskeli zibaki ndani ya gari, mbwa asiguswe, na geti lifungwe na kila anayepita. Mgeni mmoja alinong'ona kwamba hajawahi kuona nyumba yenye mwanamke mkali namna hii. Mama alimsikia, akamkaribisha ndani, akampakulia wa kwanza. Mwenye kukasirika alikula pilau yake amekasirika.