Behewa la Mutwiri

Harufu ya shaba iliyopashwa moto haikutoki puani. Juzi nilipita karibu na fundi wa kufuli aliyekuwa akichoma kipande cha shaba, nikasimama pale pale barabarani, nikamkumbuka mdogo wangu Mutwiri.

Kwetu ni Ruiri. Baba alitengeneza kufuli na majiko ya mafuta ya taa katika kibanda kando ya nyumba. Mutwiri alikuwa mgonjwa wa moyo; akitembea tu hadi zizini, midomo inageuka zambarau. Siku Baba alipomtoa hospitali walipitia Nanyuki, naye akaona mabehewa ya abiria yamesimama stesheni. Tangu hapo hakutaka kitu kingine. Baba akamwahidi behewa dogo la shaba.

Alikata shaba kwenye matangi ya majiko mabovu, akaigonga mpaka ikawa nyembamba ya kukunjika kwa vidole. Kila mara aliipasha hadi iwe nyekundu, akaiacha ipoe, maana ikigongwa sana hukakamaa na kupasuka. Halafu alitoboa madirisha na kuyalainisha kwa tupa ndogo iliyolia kama mbu.

"Kendi, Baba amefika wapi?" Mutwiri aliniuliza kila nilipompelekea uji.

"Bado yuko kwa madirisha."

"Mwambie asisahau ngazi za kupandia."

Jioni moja nilimkuta Baba akiyeyusha lehemu iliyounganisha behewa. Aliubandua ubavu mzima, wenye madirisha yaliyonyooka vizuri kabisa, akaupondaponda kwa nyundo.

"Baba, si ulikuwa mzuri!"

"Ulikuwa umepinda," alisema bila kuniangalia.

Nililia kwa hasira. Mama naye alimfokea: mtoto anakohoa ndani, wewe kazi yako ni kugonga vyuma! Baba alichukua shaba nyingine akaanza upya.

Mutwiri alikufa asubuhi ya mvua, Mama akimvalisha sweta. Behewa halikuwa na paa wala milango.

Tulimzika nyuma ya shamba la maharagwe. Watu wakiwa bado wanakunywa chai, Baba aliingia kibandani na kujifungia. Kabla ng'ombe hawajarudi, akatoka na behewa limekamilika: paa, milango, hata ngazi. Aliliweka mezani mbele ya Mama.

"Kumbe ungeweza," Mama akasema.

"Ningeweza," Baba akajibu, akatoka nje.

Kwa miaka mingi sikumwelewa. Nilikuwa tayari na watoto wangu Mama aliponieleza kile ambacho Baba alikuja kumwambia baada ya matanga. Kule hospitali daktari alikuwa amemvuta kando, akamwambia moyo ule hautengenezeki, amrudishe mtoto nyumbani. Baba hakumwambia mtu. Alichoogopa ni siku ambayo Mutwiri angelishika behewa mkononi na kukosa kitu cha kungojea kesho yake.

Kwa hiyo kila nilipoingia na uji na kusema bado, nilikuwa nampelekea mdogo wangu kitu pekee ambacho Baba alikuwa nacho cha kumpa.