Kijiti Laini Mgongoni mwa Baba

Kwetu Ntalikwa, mgongo wa baba ulikuwa fahari ya ukoo. Babu zake walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, naye alibeba magunia ya karanga kama mtu anayehamisha mito ya kulalia. Mimi husema aliwahi kubeba hata mvua, ikasubiri afike nyumbani ndipo inyeshe. Kisha mwaka juzi aliinua gunia, akabaki ameinama hapo hapo.

Daktari alisema ute ulio katikati ya pingili mbili za uti wa mgongo umechomoza, unabana mishipa ya fahamu. Asibebe tena mzigo wowote, la sivyo miguu itapooza.

Baba hakukubali. "Ute? Mgongo wangu una ute kama yai?"

Nikaona hapo elimu yangu ya shule ya jioni imepata kazi. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa na chupa ya dawa ya kuhifadhia viumbe, na ndani yake amfioksasi kutoka baharini: kiumbe mfano wa samaki, kifupi kuliko kidole, kimechongoka huku na huku, mwili wake unapitisha mwanga. Nilikitazama sana hata wenzangu wakadhani nataka kukiposa. Nikamweleza baba kwamba hakina fuvu, hakina taya, hakina mfupa hata mmoja. Hujifukia mchangani, kikaacha mdomo nje, kikachuja chakula kwenye maji kwa matundu ya koo. Lakini kuanzia ncha ya mbele hadi mkiani kina kijiti laini kinachopinda bila kuvunjika, na juu ya kijiti hicho unapita uzi wa neva.

"Hata sisi tumboni mwa mama zetu tulikuwa nacho," nikasema. "Baadaye pingili zikakizunguka, kikabaki ute kati ya pingili na pingili. Ndio huo uliochomoza."

"Kwa hiyo huyo mdudu ni babu yangu?"

"Si babu, baba. Ni binamu wa mbali mno. Ukoo wake uliachana na wetu kabla mifupa haijakuwapo duniani."

Akajipapasa kiuno. "Na mgongo wa namna hiyo unabeba nini?"

"Haubebi kitu. Unaogelea tu."

Akageukia ukutani. Nilijua nimemuumiza kuliko daktari.

Haukupita muda mrefu akafariki rafiki yake mkubwa, mzee wa Kizaramo, fundi cherehani wa Isevya. Walikuwa watani, maana Wanyamwezi na Wazaramo wametaniana tangu enzi za misafara. Mazishi ya mtani kama yule, baba asitoe bega? Asubuhi alivaa koti lake, tukaondoka. Njia nzima nilimwona akilini tayari yuko kwenye kiti cha magurudumu.

Wanaume waliinua jeneza, wakawa wanapokezana mabega. Mtoto mkubwa wa marehemu akageuka. "Mzee mtani, nafasi yako hii hapa."

Baba akasogea. Nikamshika koti.

"Niache," akasema.

Nikamwacha. Alisimama ubavuni mwa jeneza, bega lake likiwa chini ya ubao kabisa. Kisha akarudi nyuma hatua, akaweka kiganja tu juu ya kitambaa.

"We Mzaramo!" akapaza sauti. "Babu zangu wamewabebea mizigo mpaka mabega yakaota sugu, na leo bado unataka kubebwa na Mnyamwezi? Huna haya! Shuka utembee mwenyewe!"

Watu wakacheka, na yule mtoto wa marehemu akacheka huku machozi yanamtoka. Mtu mwingine akaingia chini ya jeneza. Baba akalifuata mpaka makaburini, kiganja hakibanduki, utani ukipungua kadiri tulivyokwenda, hata ikabaki midomo inayocheza bila sauti.

Ulipofika wakati wa kutia udongo, wote waliinama. Baba alijaribu, mgongo ukamkatalia katikati. Nikainama mimi, nikaokota, nikamwekea kiganjani.

"Kidogo hicho," akanong'ona. "Huyu alikuwa mtu mkubwa."

Nikainama tena.