Goli Lililosomwa kwa Kidole

Saa tatu asubuhi, kabla milango haijafunguliwa kwa wageni, mchua misuli amesimama katika chumba kimoja cha jumba la makumbusho ya kandanda, kiatu kikuukuu kimelala viganjani mwake. Dole gumba linapita juu ya soli, linasita, linarudi.

"Hizi ni nini? Misumari?"

"Ni misumari," anajibu mhifadhi, mwanamama mwenye sauti ya taratibu. "Hicho ni kiatu cha kazi. Mwenyewe alikuwa kibarua wa kiwandani. Zamu ikiisha alipigilia vipande vya ngozi chini yake, akaingia uwanjani."

"Na kesho yake akarudi nacho kazini?"

"Alivibandua kwanza."

"Masikini. Na nyayo zake, nani alizichua?"

Mhifadhi anakiri kwamba swali hilo hakuna aliyewahi kuliuliza humu.

Mchua misuli hajaona tangu kuzaliwa. Hufanya kazi katika chumba cha kupanga nyuma ya uwanja, chenye kitanda kirefu, benchi la wanaosubiri na chupa ya mafuta. Kipato chake hupanda na kushuka na ratiba ya ligi: wachezaji wakiwa na mechi nyingi, nyumbani hupikwa vizuri, ligi ikisimama, hubakiwa na migongo ya wapagazi, ambao hulipa wakijaliwa.

Leo ameitwa kwa kazi nyingine. Jumba linataka kufungua chumba cha kugusa, na nguzo yake ni ubao wa mbao uliochongwa goli la fainali ya zamani, kwa mistari iliyoinuka. Mhifadhi hakumficha: asiyeona asipoweza kulifuata goli hilo peke yake, chumba kitapewa televisheni kubwa.

Aliyemleta ni shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa kuziba pancha. Kwa miaka mingi wamekaa bega kwa bega jukwaani, mmoja akitazama na kusimulia, mwingine akisikiliza. Mashabiki wamembatiza msimulizi huyo jina la Redio.

"Redio, leo umezimwa," mhifadhi anamwambia. "Usimwelekeze hata kwa kikohozi."

"Mama, mimi nikinyamaza sana naumwa."

"Utachuliwa," anasema mchua misuli, na kidole chake kinaanza safari.

Kinaondoka katikati ya uwanja, kinapanda kulia, kinafika mahali ambapo mistari mitatu inakatana. Hapo kinazunguka. Kinarudi nyuma, kinajaribu tena. Mhifadhi amekunja mikono kifuani.

"Ningeweza kudai nimefika," mchua misuli atanieleza mimi mwandishi baadaye. "Chumba hiki nakitaka kuliko wao. Lakini angekuja mwingine asiye na shemeji, akapotea palepale."

Kwa hiyo anasema ukweli. "Nimepotea, dada yangu. Mistari yote ina ngozi moja. Mchezaji anakimbia, mpira unakimbia. Kidole hakijui kimfuate nani."

Mhifadhi anashusha pumzi. Anapendekeza rangi, kisha anajicheka mwenyewe. Ni Redio anayevunja amri. Anafungua mkoba wake wa kazi na kutoa kipande cha tyubu ya baiskeli.

"Njia ya mpira tuifunike na hii. Hata aliyelala usingizi ataitambua."

Ubao ni wa majaribio, mhifadhi anakubali. Redio anakata utepe mwembamba, anapaka gundi, anaubandika polepole kwa kufuata kidole cha mhifadhi. Hatua chache kabla ya lango, anasimama.

"Inatosha. Mwisho wake anaujua."

"Malizia," anasema mhifadhi.

"Si lazima, mama."

"Shemeji," mchua misuli anadakia, "tangu lini wewe ukaacha mechi kabla ya filimbi?"

Redio anamalizia.

Gundi inapokauka, kidole kinaondoka tena. Safari hii hakisiti. Kinavuka makutano, kinaingia kwenye eneo la hatari na kukuta vinundu viwili vidogo, miguu ya golikipa. Utepe unapita katikati yake. Kidole kinarudi nyuma, kinapita tena.

"Shemeji."

"Naam."

"Siku ile jukwaani uliniambia mpira ulidunda kwenye tuta, ukamruka golikipa begani."

"Nilisema hivyo."

"Umepita katikati ya miguu."

Redio anatazama sakafu. "Miguu ile ya golikipa wetu uliichua wewe asubuhi ya fainali. Ningekwambia kweli, ungesema ni mikono yako iliyoilegeza, na usingelala. Nikalisingizia tuta. Lenyewe halikosi usingizi, wala halina mke wa kumlilia."

Mchua misuli ameacha mkono wake juu ya lango.

"Miaka yote hii nagombana na watu kwa kinyozi kwa ajili ya tuta!"

"Na ulikuwa ukiwashinda."

Kicheko kinaanza kwa mhifadhi, kinamfikia Redio, mwisho kinampata mchua misuli mwenyewe. Kisha anaingiza ncha ya kidole kati ya vile vinundu na kuipima nafasi, taratibu, kama anayetafuta mshipa mgongoni mwa mtu.

"Kumbe alikuwa ametanua miguu hivi," anasema. "Hili ndilo goli langu la kwanza kulishuhudia bila kuambiwa na mtu. Na ndilo tulilofungwa sisi!"

Mhifadhi anatangaza kwamba televisheni itatafutiwa ukuta mwingine. Anauliza ubao wa pili uchongwe goli gani.

"Moja tulilofunga sisi. Lolote, ila huyu asiambiwe ni lipi."

Chumba kikifunguliwa, anakusudia kuwaleta wachua misuli wenzake wasioona, waingie mmoja mmoja, kila mtu na kidole chake. Redio atawasindikiza hadi mlangoni, basi.

"Na mimi huko nje, nani atanisimulia?" Redio analalamika.

"Subiri tu, shemeji. Nitatoka nikusimulie, na nitakwambia nitakavyo."