Mkono wa Kupimia

Fundi wa Kwa Mathias hakuwa na futi. Kila kitu alipima kwa mkono. Alikuwa amekata madigadi za Landrova ya kijiji cha ujamaa cha Msimbu, akafunga matairi makubwa ya kushinda tope la masika. Sasa akapenyeza mkono wa kushoto kati ya tairi na bati, akaanza kuimba kasida.

"Zungusha usukani," alimwambia dereva, Zahoro. "Nikinyamaza, simama."

Zahoro alizungusha, jasho likimtiririka. Kasida ikakatika. Akauachia usukani kama kaa la moto, akaruka chini. Mkono ulikuwa umetoka salama, na vidole vyake vitatu.

"Mzee wangu, vingine viko wapi?"

"Huu ni wa kupimia," fundi alisema, akiokota msumeno. "Wa chakula ni ule mwingine. Rudi ukae, bado upande wa pili."